Valvu Iliyokataa Kuzikwa

Viko vitu ambavyo wataalamu hutangaza kwamba vimekufa, matanga yakakaliwa na mirathi ikagawanywa, kisha watu wakashangaa kumwona marehemu anakatiza sokoni na kikapu mkononi. Kimojawapo ni valvu. Nazungumzia kile kitaa cha kioo ambacho wenye umri miongoni mwenu wanakikumbuka ndani ya zile redio kubwa za mbao. Ukiiwasha haisemi neno. Inangoja kwanza ipate moto, kisha sauti inakuja polepole, kama mtu anayeamka usingizini. Redio hizo zimekwisha. Televisheni za valvu zimekwisha. Kompyuta za mwanzo, zilizojaza ukumbi mzima kwa maelfu ya valvu, zimekwisha na kuingia katika makumbusho. Lakini leo hii, mwaka huu tulio nao, kuna viwanda vinavyotengeneza valvu mpya, na miongoni mwa wateja wao wakubwa ni wapiga magitaa.

Wiki hii basi tuzungumzie amplifaya ya gitaa ya valvu, na hasa ile ndogo, ya bei nafuu, ambayo kijana anaweza kuinunua akaiweka chumbani kwake. Najua wapo watakaouliza: amplifaya na historia wapi na wapi? Nawaomba subira. Historia ya muziki wetu wa dansi, ukiitazama kwa jicho la uchumi, kwa sehemu kubwa ni historia ya nani alimiliki amplifaya na nani alikuja kuiazima. Tutafika huko. Lakini safari yenyewe haikuanzia kwetu, na ni haki tuifuate ilikotoka.

Katika miaka ya 1880 Thomas Edison, yule wa taa ya umeme, aligundua kwamba ndani ya taa yake kulikuwa na umeme uliokuwa ukiruka kutoka kwenye uzi wa moto kwenda kwenye kipande cha chuma kilichowekwa pembeni, ingawa vitu hivyo viwili havikugusana. Hakujua autumie kwa kazi gani ya maana. Mwaka 1904, Mwingereza John Ambrose Fleming, aliyekuwa mshauri wa kampuni ya Marconi ya mawasiliano ya redio, alilichukua jambo lile lile na kutengeneza chombo kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Akakiita valvu. Na kweli ni jina lile lile la valvu ya mpira wa baiskeli, kwa sababu ile ile: upepo unaingia, hautoki.

Miaka miwili baadaye, 1906, Mmarekani Lee de Forest akaongeza kitu cha tatu ndani ya kioo, kiwavu kidogo cha waya kati ya uzi wa moto na bamba la chuma. Hapo ndipo dunia ilipobadilika, japokuwa de Forest mwenyewe hakuelewa vizuri chombo chake kilifanyaje kazi. Jambo lenyewe ni hivi. Uzi ukipata moto unatoa elektroni, nazo zinakimbilia kwenye bamba lenye umeme mkubwa. Kiwavu kiko njiani kama askari wa getini. Ukikipa kiwavu umeme mdogo sana, mdogo kama ule unaotoka kwenye waya wa gitaa, askari yule anafungua na kufunga geti kwa kufuata mtikisiko ule ule, na umati mkubwa unaopita unakuwa nakala ya ile sauti ndogo. Kidogo kinatawala kikubwa. Mwaka 1915 watu waliweza kuzungumza kwa simu kutoka New York hadi San Francisco, pande mbili za Marekani, kwa sababu valvu zilikuwa njiani zikiisukuma sauti iliyochoka.

Gitaa lilichelewa. Katika bendi kubwa za Marekani za miaka ya 1920 mpiga gitaa alikuwa kama mgeni asiyepewa nafasi ya kusema. Tarumbeta moja ilitosha kumfunika. Mwaka 1932 kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Rickenbacker ilianza kuuza gitaa la umeme la alumini, la kulaza mapajani, ambalo watu walilibatiza jina la kikaango kwa umbo lake. Gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao wenye nyuzi, kwa hiyo amplifaya zikazaliwa pamoja nalo, na zote zilikuwa za valvu, maana hakukuwa na kitu kingine. Mwaka 1939 kijana mweusi aliyeitwa Charlie Christian aliingia katika bendi ya Benny Goodman na gitaa la umeme la Gibson, na kwa mara ya kwanza umati mkubwa ukalisikia gitaa likisimama mbele na kuhutubia kama saksafoni. Christian alifariki mwaka 1942, akiwa na miaka 25 tu. Kazi aliyoifanya kwa miaka isiyotimia mitatu inaendelezwa hadi leo na kila mpiga solo, wakiwamo wale ambao hawajapata kulisikia jina lake.

Sasa nije kwa mtu ninayemheshimu kuliko wote katika mkasa huu, Leo Fender. Huyu hakuwa mwanamuziki. Hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi redio, mwenye duka lake la matengenezo katika mji wa Fullerton, California, tangu mwaka 1938. Ni mtu ambaye tungemkuta Kariakoo au Gikomba, mezani kwake kuna chuma cha kulehemu na redio ya mtu iliyofunguliwa tumbo. Wanamuziki walimletea vifaa vyao vibovu, naye akajifunza kwa kuangalia kilichoharibika. Mwaka 1946 alikuwa na kampuni yenye jina lake. Mwaka 1948 akatoa amplifaya ndogo kuliko zote alizokuwa nazo, ambayo baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa ilikuja kujulikana kama Champ.

Champ ilikuwa kifaa cha mwanafunzi. Ilikuwa na valvu moja tu ya nguvu, wati zisizozidi tano hivi, spika ndogo ya inchi sita au nane, na kitasa kimoja cha sauti. Mzazi alimnunulia mtoto gitaa la kujifunzia, na amplifaya hiyo ikaja pamoja nalo. Hakuna aliyeitengeneza kwa kufikiria rekodi wala jukwaa. Lakini mwaka 1970, Eric Clapton alipokwenda Miami kurekodi ile albamu yenye wimbo wa Layla, hakutegemea mlima wa maspika. Alitumia Champ. Maikrofoni haijali ukubwa wa sanduku. Inajali sauti inayoifikia.

Na hapa ndugu wasikilizaji tunafika penye utamu wa habari hii, maana uzuri wa amplifaya ya valvu ulitokana na kasoro yake. Mafundi wa wakati ule walikuwa na lengo moja: sauti itoke kubwa lakini safi. Valvu ikipewa kazi kuliko uwezo wake haiwezi kuikuza sauti ikabaki ilivyo. Inaanza kukwaruza. Katika vitabu vya mafundi hilo lilikuwa kosa, kama maandazi yaliyoungua. Wapigaji, hasa wale maskini wenye amplifaya ndogo katika vilabu vyenye kelele, hawakuwa na hiari. Walifungua kitasa hadi mwisho ili wasikike, na sauti ikakwaruza wapende wasipende. Kisha wakaanza kupenda.

Mwezi Machi 1951 bendi ya Ike Turner ilisafiri kutoka Clarksdale, Mississippi, kwenda Memphis kurekodi wimbo ulioitwa Rocket 88. Njiani amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart iliharibika. Wengine husema ilianguka kutoka juu ya gari, wengine husema ilinyeshewa. Studio hawakuwa na nyingine, basi wakaisokota karatasi na kuijaza kwenye spika iliyochanika, wakarekodi hivyo hivyo. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa watu weusi wa Marekani, na hadi leo wapo wanaobishana kama hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya roki. Miaka 13 baadaye, jijini London, kijana wa miaka 17, Dave Davies wa kundi la The Kinks, alikuwa na amplifaya ndogo ya bei ya chini iliyoitwa Elpico, ya kununuliwa dukani kwa wauza redio. Alichukua wembe akaichanja spika yake kwa makusudi. Sauti ile ndiyo iliyofungua wimbo wa You Really Got Me mwaka 1964. Alichokipata Kizart kwa ajali, huyu alikitafuta kwa wembe.

Wakati huo London ilikuwa na tatizo ambalo sisi tunalielewa vizuri: vyombo vya Marekani vilikuwa ghali kwa mtu wa kawaida. Jim Marshall, mwalimu wa ngoma aliyekuwa na duka la vyombo vya muziki huko Hanwell, magharibi ya jiji, aliwasikia vijana wakilalamika kila siku. Mwaka 1962 yeye na fundi wake Ken Bran, pamoja na kijana Dudley Craven, waliifungua Bassman ya Leo Fender, wakaitazama mpangilio wake, wakatengeneza yao kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza. Vipuri havikufanana kabisa na vya Marekani, kwa hiyo sauti nayo haikufanana. Hiyo ndiyo asili ya Marshall, jina linaloonekana nyuma ya wanamuziki wa roki dunia nzima. Fender naye, tusisahau, hakubuni kila kitu kutoka kichwani. Kampuni zilizouza valvu zilichapisha vitabu vyenye michoro ya mipangilio, na kila fundi alichota humo. Anayedhani kunakili kulianza China asome tena historia hii.

Lakini wakati haya yanatokea, kaburi la valvu lilikuwa limeshachimbwa. Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko New Jersey, wanasayansi walikuwa wameonyesha transista, kitu kidogo kinachofanya kazi ile ile bila moto, bila kioo, bila kungoja. Mwaka 1956 John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Redio ikaingia mfukoni. Sisi wenyewe ni mashahidi wa baraka hiyo, maana ni transista, na betri zake, iliyoipeleka redio katika vijiji visivyo na umeme. Mtu mwenye akili timamu hawezi kuisema vibaya transista. Ni nyepesi, ni rahisi, haivunjiki ikidondoka, haimalizi umeme. Katika miaka ya 1970 na 1980 viwanda vya valvu vya Marekani na Ulaya Magharibi vilifungwa kimoja baada ya kingine.

Wapiga magitaa waliendelea kunung'unika. Walisema transista ikizidiwa inakata sauti ghafla, kama mtu aliyefungiwa mlango usoni, ilhali valvu ikizidiwa inalegea taratibu na kuiviringisha. Kuna ukweli wa kipimo katika maneno hayo. Kuna pia ushabiki mwingi, na mtu anayekuambia kwamba anatambua kila valvu kwa kuisikia huku amefumba macho, mfumbe macho kweli halafu mjaribu.

Mimi nilipata nafasi ya kujaribu. Mpwa wangu, mpiga gitaa wa bendi ya vijana hapa Dar es Salaam, alinunua kwa mkono wa pili amplifaya ya wati tano iliyotengenezwa China. Ni ya ule ukoo ulioenea kuanzia katikati ya muongo wa 2000, pale Epiphone walipotoa Valve Junior, yenye valvu mbili tu na kitasa kimoja, kwa bei ya dola za Kimarekani mia moja na kitu. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi mtu wa kipato kidogo aliweza kununua valvu mpya. Muundo wake, ukiufungua, ni mjukuu wa ile Champ ya 1948.

"Mjomba, ni wati tano tu," aliniambia, kama anayeomba radhi.

Alikuwa amepanga chumba kimoja Tabata, na kuta za nyumba ile, mnajua zilivyo. Tukaiwasha. Kwa nusu dakika hakuna lolote, ila harufu ya vumbi lililopata joto na mwanga wa rangi ya chungwa kule nyuma. Kisha ikaja mvumo wa chini, kama nyuki walio mbali. Amplifaya za bei hii nyingi huvuma hivyo. Kitasa kikiwa kwenye mbili, sauti ilikuwa safi na ya duara, na mpwa wangu akapiga sehemu ya solo ya wimbo wa dansi wa zamani. Kwenye tano ikaanza kuonyesha meno, lakini kwa namna ya pekee: akigusa waya kwa upole inabaki safi, akikaza kidole inakwaruza. Kitasa hakikuguswa, kilichobadilika ni kidole. Hilo ndilo linalowafunga watu kwa valvu, na nakiri kwamba ni jambo la kweli. Kwenye kumi mama mwenye nyumba alibisha hodi na kuuliza kwa adabu kubwa kama tuna shughuli, maana hakuona kadi.

Hizo ndizo wati tano tu. Watu hudhani amplifaya ya wati hamsini ina kelele mara kumi kuliko ya wati tano. Sivyo. Sikio letu lina hesabu zake: ukizidisha nguvu mara kumi, binadamu husikia takriban mara mbili tu. Kwa hiyo wati tano, zikipitia spika nzuri, ni kama nusu ya kelele za ukumbini, na hiyo ni kubwa mno kwa chumba cha kupanga. Tena valvu inataka kufunguliwa ndipo iseme, hivyo ukiipunguza kwa kumhofia jirani unabaki na kisanduku cha kawaida tu. Na kule ukumbini nako, mbele ya ngoma na tarumbeta, wati tano hizo zitaanza kukwaruza kabla solo haijasikika.

Na muziki wetu haupendi sana mkwaruzo. Solo ya dansi, na sebene ya Kongo, inataka kila noti isimame peke yake, ing'ae, magitaa matatu yasemezane pasipo kufunikana. Sauti iliyopasuliwa kwa wembe haifai hapo. Niliposikiliza nilihukumu kwamba thamani ya amplifaya ile kwa mpiga dansi iko kati ya namba mbili na nne, mahali ambapo matangazo ya biashara hayapazungumzii kabisa. Kwa kurekodi, maikrofoni ikiwekwa mbele yake, ni chombo kamili.

Lakini thamani nyingine ni kubwa zaidi: ni yake.

Turudi nyuma. Bendi zetu za mwanzo, kama Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930 na Morogoro Jazz iliyoanza mwaka 1944, zilikuwa klabu za watu waliojikusanya. Lakini gitaa la umeme na amplifaya zake, na katika miaka ya 1960 amplifaya karibu zote duniani zilikuwa za valvu, lilikuja na gharama nyingine kabisa. Vyombo viliagizwa nje, kwa fedha za kigeni. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, kikanunua vyombo na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara. Wengine wakafuata: Polisi, Magereza, Jeshi la Kujenga Taifa, Umoja wa Vijana, kiwanda cha Urafiki, shirika la mabasi la UDA, shirika la bima. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa DDC Mlimani Park mwaka 1983 ilipochukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam.

Mfumo huo ulitupa muziki ambao tunaupiga hadi leo kwenye vipindi vya zilipendwa, na haufai kubezwa. Mwanamuziki alikuwa na ajira, alilala akijua mwisho wa mwezi upo. Ila tutazame upande wa pili. Mpiga gitaa mashuhuri, ambaye jina lake lilitamkwa redioni kila siku, mara nyingi hakuwa na gitaa wala amplifaya ya kwake. Kifaa kilikaa ukumbini au katika stoo ya shirika. Alikigusa saa za mazoezi na saa za dansi. Akigombana na uongozi, au bendi nyingine ikimvuta, aliondoka na vidole vyake tu. Na mwenye vyombo akiamua kuvichukua, bendi ilikufa siku hiyo hiyo, iwe na wapigaji hodari kiasi gani. Ndiyo maana mpaka leo mtu akisema anataka kuanzisha bendi, swali la kwanza anaulizwa si nani atapiga solo. Ni: vyombo unavyo?

Fedha za kigeni zilipoadimika baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hata mashirika yalishindwa kuagiza vipuri. Valvu ni kama taa, ina umri wake; ikichoka lazima uweke nyingine. Hiyo ilikuwa miaka ya fundi kuhamisha kipuri kutoka mashine iliyokufa kwenda mashine iliyo mahututi. Sifa za wapigaji tumezisema sana katika kipindi hiki. Mafundi wale hatuna hata orodha ya majina yao.

Swali linabaki: kama nchi za Magharibi zilifunga viwanda, valvu za mpwa wangu zimetoka wapi? Zimetoka kwa waliokuwa maadui zao. Mwezi Septemba 1976 rubani wa Kisovieti, Viktor Belenko, alitoroka na ndege yake ya kivita ya MiG-25 akatua Hakodate, Japani. Wataalamu wa Marekani waliifungua kwa shauku, wakakuta valvu ndani yake. Wapo waliocheka. Lakini ndiyo hali iliyokuwapo: Wasovieti, pamoja na China na nchi za Ulaya Mashariki, waliendelea kutengeneza valvu wakati wengine wameacha. Vita baridi vilipokwisha, Mike Matthews wa New York, mwenye kampuni ya Electro-Harmonix, alianza kununua valvu za Kirusi na kuziuza kwa wapiga magitaa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 akakinunua kiwanda chenyewe, kilichoko Saratov, kando ya mto Volga. Slovakia nako kuna kiwanda katika mji wa Čadca. China wanatengeneza Changsha.

Dunia nzima basi inategemea viwanda vichache tu. Mwezi Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, serikali ya Urusi ilipiga marufuku kusafirisha nje bidhaa nyingi, na valvu za Saratov zikakwama. Wapigaji wa Marekani na Ulaya walikimbilia madukani, bei zikaruka, wengine wakanunua akiba ya miaka. Baadaye ruhusa ikatolewa na mzigo ukaanza tena kutoka. Kwa majuma machache wao nao walionja kile ambacho mafundi wetu wa miaka ya 1980 walikijua: kuwa na mashine nzima na kukosa kipuri chake.

Kwa kijana aliyekwisha kusikia haya na bado anaitaka, yako mambo matatu manne ya kuangalia kabla hajatoa pesa. La kwanza ni umeme. Marekani wanatumia volti 120, sisi 230. Rafiki wa mpwa wangu aliuziwa amplifaya iliyoletwa kutoka huko, muuzaji akamhakikishia kwamba haina shida, naye akaichomeka ukutani. Ilitoa moshi kabla haijatoa sauti, na muuzaji hakupokea simu tena. Soma kibao kilichoko nyuma ya sanduku; kama kimeandikwa 120 peke yake, ongeza gharama ya transfoma ya kupunguza umeme, na iwe yenye uwezo wa kuubeba mzigo huo.

La pili, usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa. Amplifaya nyingi za transista husamehe, valvu haisamehe. Transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua. Uliza pia kama valvu zilizomo zinapatikana mjini au za kuagizwa. Kisha kubwa kuliko yote: ndani ya sanduku lile dogo kuna umeme wa volti 250, 300, wakati mwingine kupita 400, na kapasita zake huuhifadhi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Umeme huo unaua. Mtu asiye fundi asifungue kwa udadisi, na fundi asiyewahi kushika valvu aseme mapema. Waliobaki wenye uzoefu huo sasa ni wazee. Mpwa wangu alimpata mmoja Ilala, fundi redio mstaafu, aliyeitazama mashine ile ya Kichina, akaigeuza, akaitambua mara moja. Matengenezo yenyewe, kupunguza ule mvumo, hayakumchukua hata saa moja. Alitaka kwanza kuisikia gitaa ikipigwa.